Mpima Maziwa wa Molo na Ushuru Wake

Nilipostaafu mwaka huu, vijana wa dawati la marejesho ya ushuru la KRA hapa Nakuru waliniomba niwaandikie nilichojifunza. Walisema mafunzo ya kwenye kompyuta yanaonyesha mahali pa kubonyeza, lakini hayasemi ufanye nini mteja akianza kulia. Nimekubali. Vyeo vyangu siviandiki hapa, na mshahara wangu mnaujua, kwa maana wenu hauko mbali nao. Nitaandika kazi.

Kazi yangu karibu yote ilikuwa moja. Mfanyakazi anakatwa ushuru kwenye mshahara kila mwezi, ile PAYE. Mwaka ukiisha anajaza ritani, yaani taarifa ya mapato yake, anaona amekatwa kupita kiasi, anadai kilichozidi. Mimi ndiye wa kuangalia kama kweli kimezidi, na kama kimezidi, ni kitu gani kinafanya dai lake likwame.

Siku ya kwanza nilifika kutoka Njoro nikiwa na sketi aliyonishonea mama na viatu vilivyokuwa vyeupe kwa vumbi kabla sijafika ngazi za ofisi. Nilikabidhiwa kwa Bwana Ndung'u, mzee mwembamba aliyevaa sweta hata jua likiwaka. Hakunisalimia kwa maneno mengi. Alinipa rula ya mbao na rundo la madai yaliyokataliwa.

"Anza na haya," akasema. "Yaliyokubaliwa hayatakufundisha kitu."

"Na rula ni ya nini, mzee?"

"Ya kukuzuia usisome safu ya jirani."

Nilidhani ananitania. Kumbe hapo ndipo nusu ya makosa yote hukaa. Kadi ya P9, ambayo mwajiri humpa mfanyakazi kila mwaka, ina safu nyingi zinazofanana kama mapacha. Kuna safu ya ushuru kabla ya nafuu, na mwisho kabisa kuna safu ya ushuru uliokatwa kweli. Nafuu ni kile kiasi ambacho serikali humsamehe kila mfanyakazi kila mwezi. Sasa mtu akichukua ile safu ya kwanza akaijaza kwenye ritani kama ndiyo iliyokatwa, hesabu itamsamehe mara ya pili, halafu itaonyesha kwamba serikali ina deni lake. Haina. Lakini ameshaona hiyo namba kwa macho yake, ameshampigia mke wake simu, na wewe ndiwe utakayeonekana umemnyang'anya.

Bwana Ndung'u aliita kila faili mgonjwa. "Huyu mgonjwa anaumwa wapi?" aliuliza akifungua jalada. Kisha alitafuta mambo matatu bila haraka: nani alikata, nani alipeleka, na kwa PIN ya nani, yaani namba ya mlipa ushuru. Mwajiri anaweza kukata asipeleke. Anaweza kupeleka kwa PIN ya mtu mwingine mwenye jina kama lako. Niliwahi kumhudumia askari wa lango wa Milimani, mwenye kukaa Kaptembwo, aliyebadilisha kampuni katikati ya mwaka. Alijaza mshahara wa kampuni moja na ushuru wa kampuni mbili. Alipoona pesa nyingi zilizotoka kwenye hesabu alikuja kuniuliza kama anaweza kulipwa kwa awamu, kwa sababu hataki majirani wajue. Nilimweleza taratibu. Alikunja karatasi yake akasema, "Basi ni vile tu, madam," akaenda kazini.

Bwana Ndung'u alistaafu, karatasi zikaondoka, kompyuta zikaja. Watu wengine walidhani makosa yataisha. Makosa yalihamia saiba, vile vibanda vya kompyuta za kulipia. Mfanyakazi asiye na kompyuta anakwenda kwa kijana wa saiba, kijana anajaza ritani huku akichapisha tangazo la mazishi na kumpiga mtu picha ya paspoti. Mimi sikuwalaumu sana. Sisi wenyewe tulikuwa na kompyuta na bado tulikosea, kama mtakavyoona katika kesi ninayotaka kuwasimulia kwa urefu. Ilikuja miaka yangu ya mwisho.

Msimu mmoja wa ritani yalitufikia madai ya wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha maziwa kule Molo. Wote walijazia saiba moja. Wote walionyesha wamekatwa kupita kiasi. Brian, kijana mwenye bidii ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameletwa kwenye dawati langu, aliona mara moja kwamba ni lile kosa la safu. Msimamizi wetu, Bwana Wekesa, alituma barua kiwandani kuwajulisha kwamba wafanyakazi wao wana madai ya kutiliwa shaka, akaorodhesha majina. Brian akaanza kuyakataa moja moja.

Mimi nilikuwa napitia kazi yake kabla haijafungwa. Kwa wengi alikuwa sahihi kabisa: ukirudisha namba kwenye safu yake, dai linakuwa sufuri. Kisha nikafika kwa Salome, mpima maziwa wa maabara ya kiwanda hicho. Brian alikuwa ameandika: "Amepigiwa simu mara kadhaa kutoa maelezo. Hashiki. Dai likataliwe."

Hakuna aliyekuwa amefungua viambatisho vyake. Nikafungua. Kimoja kilikuwa cheti cha msamaha wa ushuru kwa mtu mwenye ulemavu, kimetolewa na ofisi yetu wenyewe. Mtu mwenye cheti hicho, mshahara wa kiasi cha Salome haukatwi PAYE hata senti.

Nikamwita Brian. "Huyu ulimpigia?"

"Ndiyo, madam. Simu inaita tu, hashiki."

Nikamgeuzia skrini. Akasoma ule mstari wa aina ya ulemavu. Salome ni kiziwi.

Brian akaweka mikono kichwani. "Ai, madam."

"Mtumie SMS."

Jibu lilikuja kabla hajarudi kwenye kiti chake. Salome aliandika kwamba amekuwa akiona namba yetu kwenye simu, na ametuma SMS mara nyingi kuuliza ni nini, lakini ile ilikuwa namba ya simu ya mezani. SMS zake zilikwenda tusikokujua. Mwisho akaandika: "Ijumaa nina kikao cha nidhamu. Wanasema mimi ndiye nilifundisha wengine kuibia serikali, kwa sababu nilikuwa wa kwanza kwenda hiyo saiba. Nimesimamishwa kazi. Tafadhali mnisaidie."

Nilisoma hiyo SMS nikiwa nimesimama. Barua iliyomsimamisha ilitoka kwetu. Nikaenda kwa Bwana Wekesa.

"Madam, kataa tu," akasema bila kuinua kichwa. "Hata yeye amejaza safu mbaya. Namba yake si ya kweli."

"Namba si ya kweli, lakini dai ni la kweli. Amejaza kiasi kikubwa kuliko alichokatwa, na hakujaza ile sehemu ya msamaha. Kuna makosa mawili juu ya haki moja."

"Basi tukikataa atapinga. Si ana haki ya kupinga?"

"Atapinga vipi? Kwa simu?"

Hapo akainua kichwa. Bwana Wekesa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye madai mengi kuliko watu wa kuyashughulikia. Nilimwambia kwamba sifungi faili hiyo, na kama anataka ifungwe aifunge yeye kwa jina lake. Nilikuwa sijawahi kumwambia mkubwa wangu neno kama hilo. Akavuta kitabu cha kuombea magari ya ofisi. "Nenda Molo. Lakini uende kama afisa wa ushuru. Usiende kama wakili."

Ijumaa asubuhi tulipanda Molo, mimi na Brian. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya viazi na malori ya mboga yalikuwa yanateremka taa zikiwaka. Tulipitia saiba kwanza. Mwenyewe ni kijana anaitwa Vinny, mchangamfu, mwenye kofia ya sufu.

"Niaje, mathe. Ni photocopy ama ni KRA?" Kisha akaona beji yangu, akatoa kofia.

Nilimwomba anionyeshe anavyojaza ritani. Hakuficha kitu. Alionyesha ile safu ya kabla ya nafuu kwa kidole.

"Mimi hujaza hii. Nikijaza hii, system inasema client anadai. Client anafurahi, analeta na mabeshte wake."

"Na pesa zikikosa kuja?"

"Hapo sasa ni yeye na nyinyi, mathe."

"Kuna mama mmoja kiziwi ulimjazia. Kazi yake iko hatarini leo."

Akaweka kofia mezani. "Salome? Huyo si hata mwizi. Huyo aliniletea ka-cheti, mimi nikaona sijui kanaingia wapi, nika-attach tu." Akakuna shingo. "Mathe, si mnionyeshe basi. Mimi nilidhani nasaidia."

Brian akavuta kiti akamwonyesha: safu ipi, sehemu ipi ya msamaha, namba ya cheti inaandikwa wapi. Vinny akapiga picha kila hatua kwa simu. Tulipotoka alikuwa anabandika karatasi kwenye kioo cha kompyuta, ameandika kwa kalamu nene: NI SAFU YA MWISHO.

Salome alikuwa anatungoja nje ya lango la kiwanda pamoja na dada yake mdogo, Naomi, ambaye anauza mboga sokoni na ndiye hutafsiri ishara zake. Salome ni mwanamke mrefu, mwenye macho ambayo hayakuachi. Alikuwa amevaa koti lake jeupe la maabara ingawa alikuwa amesimamishwa kazi.

"Nimemwambia asivae," Naomi akasema. "Anasema hajafukuzwa bado. Na madam, ukiongea, mtazame yeye. Mimi ni sauti tu."

Kikao kilikuwa katika ofisi ya meneja, Bwana Mutai, mtu mzito wa sauti ya chini. Alikuwepo pia karani wa mishahara. Bwana Mutai alikuwa na barua yetu mbele yake.

"Madam, hii ni barua ya ofisi yenu," akasema. "Mnaniambia nina wafanyakazi wa kutiliwa shaka, halafu leo mnakuja kuwatetea?"

"Nimekuja kueleza," nikasema. "Kila mmoja kwenye hiyo orodha amejaza safu isiyo yake kwa sababu ya saiba moja. Hakuna aliyelipwa chochote. Watarekebisha ritani zao na mambo yataisha hapo. Lakini Salome ana jambo lingine. Naomba niulize: cheti chake cha msamaha mnacho?"

Bwana Mutai akamtazama karani. Karani akafungua kompyuta yake, akatafuta, akapata. Walikuwa nacho. Mfumo wa mishahara ulikuwa umebadilishwa, majina yakaingizwa upya, na ile alama ya msamaha haikuingizwa kwa sababu aliyeingiza hakujua ni ya nini. Tangu hapo Salome amekuwa akikatwa ushuru kama kila mtu.

"Na ushuru wenyewe mlipeleka?"

"Kila mwezi," karani akasema, sasa sauti yake imekuwa ndogo. "Kwa PIN yake."

"Basi pesa ziko kwetu, na ni zake."

Bwana Mutai akasugua paji la uso. Lakini hakuwa tayari kuachilia. Alimgeukia Naomi. "Mwambie bado kuna suala la kupeleka wenzake kwa hiyo saiba. Kwa nini aliwapeleka?"

Naomi hakutafsiri. Salome alikuwa ameshasoma midomo ya meneja. Aligonga meza kwa kiganja, mara moja, sote tukamgeukia. Kisha mikono yake ikaanza kuongea, haraka, na Naomi akaifuata.

"Anasema: Kazi yangu ni kupima maziwa. Mkulima akija na mtungi, simwambii amechanganya maji mpaka nipime. Hata kama jirani yake alichanganya jana. Hata kama wameletwa na pikipiki moja. Ninapima wake. Nyinyi mmenisimamisha bila kunipima. Na nilipowaandikia barua, mlinijibu mtanipigia simu."

Karani alikuwa anaangalia kibodi. Naomi alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda mlima. Bwana Mutai aliitazama ile barua yetu, akaikunja, akaiweka kwenye droo.

"Mwambie," akaanza, kisha akajisahihisha, akamgeukia Salome uso kwa uso na kuongea polepole. "Jumatatu urudi kazini. Siku ulizokaa nje utalipwa."

Salome akaandika kitu kwenye simu yake, akamgeuzia. Nilikiona: "Niandikie."

Akamwandikia papo hapo.

Sasa vijana wangu, hapa ndipo wengi huacha faili wakadhani imekwisha. Ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Karani aliandika barua ya kuthibitisha kilichokatwa na kilichopelekwa mwezi kwa mwezi. Salome akarekebisha ritani: ushuru uliokatwa kweli kwenye safu yake, namba ya cheti kwenye sehemu ya msamaha. Mfumo ukaikataa. Tukatafuta sababu, tukaona cheti chake cha zamani kiliisha muda katikati ya mwaka na kipya kikachelewa kutoka, kwa hiyo kulikuwa na miezi isiyo na cheti. Tukajaza upya, miezi yenye cheti peke yake. Ikapita. Kisha benki ikarudisha malipo kwa sababu jina la pili lilikuwa na herufi moja zaidi. Bwana Wekesa alianza kuniuliza kila asubuhi, "Mama Molo ameamkaje?" na siku ilipokwama kwa benki, ni yeye aliyepiga simu, akakaa kwenye laini mpaka wakarekebisha.

Ile miezi isiyo na cheti sikuweza kumrejeshea. Sheria haikuniruhusu, na nilimwandikia hivyo bila kuzungusha maneno. Alinijibu: "Kwa hiyo miezi hiyo nilikuwa nasikia?"

Nilicheka peke yangu pale mezani. Kisha nikavuta karatasi. Niliandika pendekezo kwa wakubwa kwamba mtu ambaye ulemavu wake ni wa kudumu asikatizwe msamaha kwa sababu karatasi imechelewa. Sijui limefika wapi. Nililiandika tena mwaka uliofuata, na wa baada yake. Mmoja wenu aendelee kuliandika.

Tulibadilisha mambo ambayo mkono wetu uliyafikia. Kwenye notisi zetu tuliongeza mstari wa kumuuliza mteja anapenda kufikiwa kwa njia gani. Tulipata namba inayopokea SMS. Hakuna anayeandika "hashiki" siku hizi kabla ya kufungua viambatisho vyote. Brian alijiandikisha darasa la lugha ya ishara kanisani kwao, Jumamosi. Mwanzoni alikuwa akikosea sana. Salome aliniandikia kwamba siku moja walikutana mjini, Brian akamsalimu, na alichosema kwa mikono ni kwamba yeye ni ndizi. Alisema alimsahihisha na kwamba kijana ana moyo.

Wiki yangu ya mwisho kazini, alasiri moja, mlinzi alinipigia kutoka mlangoni. "Madam, kuna watu hapa wanakuulizia. Anayewaongoza haongei."

Nikashuka. Alikuwa Salome, na nyuma yake wateja wanne: mwanamume mwenye fimbo nyeupe akiwa ameshikwa mkono na binti yake, mwanamke wa magongo aliyesema anafundisha Elburgon, na vijana wawili viziwi wanaofanya kazi kwenye ghala la viazi. Kila mmoja alikuwa na P9 yake mkononi. Wote wana vyeti. Wote wanakatwa.

Naomi hakuwapo. Salome alitoa simu akaniandikia: "Nimewapima. Hawa hawana maji."

Bwana Wekesa alikuwa amesimama ngazini nyuma yangu. "Madam, si waje Jumatatu?" akasema. "Jumatatu utakuwa umeshaenda, lakini kuna vijana."

"Wametoka mbali," nikasema. "Wapande."

Tulimsaidia mwalimu na magongo yake, ngazi kwa ngazi. Juu, Brian aliondoa mafaili kwenye viti. Nikakaa mahali pangu, wale wanne wakakaa ng'ambo. Nikamtafutia Salome kiti karibu nao. Akakichukua, akakibeba akazunguka nacho meza, akakaa upande wangu, na kumnyooshea mkono yule wa kwanza alete kadi yake.